Wageni wa kujitolea tuwape kazi gani?

SWALI: Vijana 12 kutoka Ujerumani watakuja wiki mbili kutusaidia kumjengea bibi mmoja vyumba viwili hapa Pasua. Ukuta tuliojenga na wageni kama hao mwaka jana umepasuka. Tulikosea wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mlifyatua matofali ya saruji na kujenga ndani ya wiki hizo hizo, sivyo? Tofali changa husinyaa likiwa tayari ukutani, ndiyo maana nyufa hupanda kama ngazi kufuata viungo. Safari hii fyatueni mapema: ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga usio na udongo. Yapangeni kivulini, myamwagilie asubuhi na jioni siku 7, yatimize siku 28 ndipo yajengewe.

Msingi, pembe na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) ni vya fundi, tafadhali. Wageni wasombe matofali, wachanganye saruji, washindilie kifusi. Wavae glovu na buti za mpira, kwani saruji mbichi huunguza ngozi. Mchanganyiko ukishaanza kuganda, mwageni. Kuuongezea maji ni kuudhoofisha.

Vibali vya ukaazi Daraja C vishughulikiwe kabla hawajafika. Viza ya utalii hairuhusu kujitolea.