Kichochoro cha pembeni mwa nyumba: anza na maji, si maua

Ndugu, umeuliza ufanyeje na kichochoro chako, na nimekuelewa: upenyo wa mita moja na ushei kati ya nyumba na uzio, jua halifiki, magugu yametawala, na wewe huna muda wa kushinda na jembe.

Usinunue chochote kwanza. Mvua ikinyesha, toka uangalie maji yanaelekea wapi. Yakituama kwenye msingi, tengeneza mteremko wa kutoka ukutani, kama sentimita 2 kwa kila mita. Udongo pia usiuegemeze ukutani. Unyevu utapanda, na mchwa watapata njia ya kujificha.

Kisha magugu. Ndago usizikate juu juu: vile viazi vidogo vyeusi vikibaki ardhini, zinachipua upya. Chimbua, ungoje machipukizi, uchimbue tena. Hapo ndipo utandike kitambaa cha kuzuia magugu (nailoni hapana, inazuia maji kupenya), umwage kokoto unene wa sentimita 5 hivi, na upange vibao vya zege vya kukanyagia.

Nyasi sahau, kivulini zitakusumbua bure. Sansevieria chache (ile mimea ya majani marefu, magumu, yaliyosimama wima) kwenye vyungu zinatosha. Hazidai maji mengi. Mianzi na jamii ya mikuyu usiguse kabisa, mizizi yake ni balaa kwa mabomba.

Chemba za majitaka zisifunikwe. Ukiona ufa unaopanuka ukutani, au ukikuta waya ardhini, acha kuchimba umwite fundi husika.