Re: Amfoterisini ya liposomu inafanya mabonge kwenye dripu

Habari mkuu. Unasema amfoterisini B ya liposomu (dawa ya fangasi iliyofungwa ndani ya vijipira vya lipidi, yaani mafuta) inafanya mabonge mara tu ukiiingiza kwenye dripu. Kabla hujalaumu joto la Lindi, soma lebo ya hiyo dripu. Kama ni ya chumvi, mwizi ndiye huyo. Yalinikuta hapa Mtwara, zamu ya usiku, dripu za chumvi na za dekstrosi (sukari) zote rafu moja, nikashika ya chumvi. Nikamwaga dozi nzima, na bei yake unaijua.

Kichupa cha miligramu 50 kitie mililita 12 za maji ya sindano, tikisa kwa nguvu sekunde 30 mpaka punje ziishe, pitisha kwenye kichujio cha maikroni 5, ndipo uchanganye na dekstrosi asilimia 5. Laini (mrija wa dripu) iliyopitisha chumvi isafishe kwanza kwa dekstrosi hiyohiyo. Na kichupa kisigandishwe, vile vijipira vya lipidi vitaharibika.