Kabla ya Kukubali Upasuaji wa Tezi Dume

Kwa miaka minne nilijidanganya, hapa Ngamiani, Tanga, kwamba kuamka mara tano usiku kwenda haja ndogo ni uzee tu, mpaka usiku mmoja mkojo ukaziba kabisa nikapelekwa hospitali kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Kumbe tezi dume ilikuwa imekua na kubana njia ya mkojo. Dawa za kulegeza misuli ya hapo zilinisaidia mwanzoni. Lakini mkojo unapoziba tena na tena, unapotoka na damu isiyokoma, au figo zinapoanza kuathirika, daktari akitaja upasuaji asikilizwe.

Upasuaji wangu haukuacha kidonda cha nje. Nilichomwa ganzi ya mgongo, kifaa chembamba kikapitishwa kwenye njia ya mkojo, na nyama iliyokuwa ikibana ikakwanguliwa kwa waya wa umeme. Mpira ukaondolewa siku ya tatu. Shemeji yangu wa Pangani, ambaye tezi yake ilizidi gramu 100, alipasuliwa chini ya kitovu, kama inavyofanyika mara nyingi tezi ikipita takriban gramu 80, naye alikaa na mpira zaidi ya wiki na kuhitaji ndugu wa kumchangia damu. Ipo pia njia ya leza, yaani kukata kwa miale ya mwanga, ambayo hupunguza utokaji wa damu na hufaa hata kwa tezi kubwa, ila yataka mashine yake na daktari aliyeizoea. Kwa hiyo uliza kwanza ukubwa wa tezi yako, kisha vifaa vilivyopo, wala usifuate sifa za barazani.

Sisi wazee wa pwani, ambao busha tunalitania hadharani, habari ya manii hatuigusi. Baada ya kukwanguliwa, wanaume wengi hufika kileleni bila manii kutoka, kwa kuwa hurudi kwenye kibofu na kutoka baadaye pamoja na mkojo. Hayo hayadhuru afya, na nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, lakini anayetaka mtoto amwambie daktari mapema. Mimi sikuuliza wala sikuambiwa, nikaficha hofu miezi miwili hadi mke wangu akashuku mengine.

Mtajie daktari dawa zako zote, hasa aspirini, wala usiziache kwa uamuzi wako. Kwa wiki nne hadi sita usibebe mizigo. Damu kidogo ilinirudia siku ya kumi ikaisha. Mabonge ya damu au mkojo kuziba, nenda hospitali usiku huohuo. Tena ganda la nje la tezi hubaki, na saratani inaweza kuota humo, ndiyo maana mwezi uliopita nilirudi kupima.