Usirushe hata atomu moja kabla ya kuikagua potenshali yako

Mleta mada, sitisha kazi uliyosema utaituma usiku huu. Umeuliza kama faili la EAM (aina ya potenshali, yaani kanuni inayoiambia kompyuta jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana) ulilopakua kwa ajili ya aloi ya tungsteni na reniamu linafaa kuigiza mapigo ya nyutroni katika ukuta wa kinu cha muunganiko wa nyuklia, na ni kompyuta ya ukubwa gani itakayokutosha. Sababu uliyoitoa, kwamba faili hilo linatoa vizuri nafasi baina ya atomu na ugumu wa metali, ndiyo iliyonipotezea miezi minne.

Katika tungsteni iliyotulia, atomu jirani zimeachana kwa angstromu 2.74 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na potenshali nyingi zimerekebishwa kuzunguka umbali huo. Nyutroni ya elektronivolti milioni 14.1 inapoipiga atomu, atomu hiyo huzivamia nyingine kwa nguvu kiasi kwamba mbili huweza kukaribiana chini ya angstromu 1. Hapo kinachotawala ni msukumano wa viini, ambao tangu 1985 tunaukadiria kwa fomula ya ZBL. Faili langu halikuwa nayo. Katika uigaji nilirusha atomu za elektronivolti 10,000, nikapata kasoro (jozi za nafasi tupu na atomu iliyong'olewa mahali pake) zaidi ya mara mbili ya jozi 44 zinazokadiriwa na NRT, fomula ya kawaida ya kukadiria uharibifu, kwa kizingiti (nishati ya chini ya kuing'oa atomu) cha elektronivolti 90, ilhali uigaji sahihi huacha kasoro pungufu ya hapo. Sikushtuka, nikaandika sura nzima ya tasnifu, na sura hiyo ikatupwa yote.

Aliyenipa faili alinitangulia maabara, akanihakikishia kuwa limetumiwa na watu wengi. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yeye alikuwa akiyeyusha aloi tu, hakuwahi kurusha atomu hata moja, na hilo hakulisema. Anayempa mwenziwe potenshali anapaswa kumweleza ilijaribiwa kwa kazi gani.

Kwa hiyo, chukua atomu mbili peke yake, zisogeze kutoka angstromu 3 hadi 0.2, chora nishati yake, kisha weka mstari wa ZBL kando yake. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu, yaani tungsteni kwa tungsteni, reniamu kwa reniamu, na mchanganyiko wake, kwa sababu nilipodhani nimesahihisha kila kitu nilikuwa nimeisahau hiyo ya tatu. Wala usijumlishe tu ZBL juu ya EAM, kwani sehemu ya msukumano itahesabiwa mara mbili. Ziunganishe taratibu, takriban kati ya angstromu 1 na 2, kisha upime kizingiti cha kuing'oa atomu katika pande mbalimbali za fuwele, maana namna ulivyounganisha ndiyo itakayoamua idadi ya kasoro zako.

Grafu hiyo haimalizi dakika kumi hata kwenye kompyuta ya mkononi. Iweke hapa tuione kabla hujatuma chochote.