Usimlazimishe asimulie

Dada, umeuliza kama umkalishe chini mdogo wako aliyenusurika kwenye ajali ya basi akueleze yote, "ayatoe moyoni". Hapana. Akitaka kusema mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza. Asipotaka, kaeni tu kimya, mletee uji. Kumchokonoa mtu asimulie tukio zima siku zile za mwanzo hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo. Mwongozo wao wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha, yaani umsaidie afikie watu wake na anachohitaji.

Watu wengi wanalisahau hilo la tatu. Baada ya maporomoko ya tope Hanang, Tanzania, Desemba 2023, nilimkuta mama mmoja kambini Katesh, ameshika simu iliyozima, kila anayepita anamwambia "jikaze". Alichohitaji ni chaji, ampigie mwanawe. Simu ilipowaka ndipo alipokunywa maji.

Kwa hiyo na wewe muulize: unahitaji nini sasa hivi? Labda ni nauli, labda nguo, labda mtu wa kulala naye chumba kimoja. Na "ni mapenzi ya Mungu" mwachie aseme yeye, wewe usimtangulie.

Kukosa usingizi na kushtuka akisikia honi ni kawaida wiki za mwanzo. Ila ukipita mwezi bado hajatulia, mpeleke hospitali. Akianza kusema heri angekufa na yeye, usingoje mwezi, mpeleke leo hiihii na usimwache peke yake.