Walipe, tena kwa kila tiketi

Swali la wiki hii linauliza kama wanamuziki wenye hela wanapaswa kulipia utunzaji wa sehemu zenye historia ya muziki au hiyo ni kazi ya serikali tu. Mi nasema walipe. Ila sitaki iwe hisani, nataka uwe utaratibu, yaani kiasi kidogo cha kila tiketi ya shoo zao kubwa kikatwe hapohapo mlangoni kabla hela haijamfikia mtu yeyote, kiende kwenye vitu viwili ambavyo haviwezi kusubiri, kanda za zamani na vilabu ambavyo watu bado wanapiga muziki mpaka leo.

Naanza na kanda kwa sababu watu wengi wakisikia urithi wa muziki wanawaza jengo lenye sanamu getini. Huku bara urithi wetu mkubwa upo kwenye maboksi. Miaka mingi bendi zetu zilirekodi pale Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, studio binafsi za maana hazikuwepo na kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, waliotaka santuri walifunga safari mpaka Nairobi, na redio binafsi zenyewe zimeanza 1994. Kwa hiyo NUTA Jazz, Mlimani Park, Marijani Rajab na Dar International na wengine wengi sana, sauti zao zimekaa kwenye zile rili za RTD ambayo leo ndo TBC. Sasa rili ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, na gundi inayoushika ule unga inanyonya unyevu, na Dar mnaijua. Ukiipiga ikiwa imeshachoka ule unga unabanduka unabaki kwenye kichwa cha mashine, unafuta na pamba inatoka kahawia kama kutu, na hicho ulichokifuta ndo wimbo wenyewe, haurudi tena. Zile za zamani zaidi za asetati zikianza kuoza ukifungua boksi unasikia harufu ya siki. Na kuzihamisha hakuna njia ya mkato, kanda ya saa moja inataka saa moja ya mtu kukaa pale anasikiliza, anarekebisha, anaandika nani kaimba na nani kapiga, afu ndo ashike nyingine. Ni kazi ya miaka, inataka fundi mwenye mshahara, na chumba ambacho ubaridi haukatiki.

Baba yangu mdogo alikuwa anapiga tumba kwenye bendi moja ya Kariakoo. Ameshafariki. Kuna wimbo wao mmoja huwa unapigwa usiku kwenye vipindi vya zilipendwa na ukianza tu nyumba nzima inanyamaza, watoto wanaambiwa msikilizeni babu yenu, hizo tumba ni mikono yake. Picha zake tunazo mbili tatu, lakini mikono yake ipo kwenye huo wimbo tu. Familia za namna hii ni nyingi mno nchi hii.

Sasa mtaniuliza kwa nini staa wa leo alipie. Kwa sababu anakula humo. Miziki mingi inayojaza kumbi leo ina gitaa, ina vibwagizo, ina namna ya kuita na kuitikia iliyotoka kwa wale wazee, wengine wanachukua kipande kizima cha wimbo wa zamani wanakiweka kwenye ngoma mpya. Sioni ubaya hata kidogo, muziki ndo unavyoishi, ila kisima unachoteka uchangie kukisafisha.

Na moyo wa kutoa wanao. Mwaka 2013 Diamond Platnumz alimzawadia gari marehemu mzee Muhidin Gurumo, mtu aliyeimba tangu enzi za NUTA, na mimi nilifurahi kweli siku ile na mpaka leo namheshimu kwa lile. Mzee akafariki Aprili 2014. Zawadi ilimfikia akiwa hai na hilo ni jambo kubwa. Lakini zawadi inategemea moyo wa mtu siku hiyo, na inamfikia yule anayejulikana. Mpiga besi ambaye jina lake halijaandikwa hata kwenye boksi la kanda, yeye atafikiwa na nani?

Kuhusu serikali, mi siiondoi. Yenyewe ndo yenye funguo na yenyewe ndo yenye sheria. Angalieni ya London mwaka 2010, ilipovuma kwamba kampuni ya muziki ya EMI yenye madeni inataka kuuza studio za Abbey Road, watu wakapiga kelele, Paul McCartney wa Beatles, bendi iliyorekodi humo, akasema anatamani ziokolewe, lakini kilicholilinda lile jengo siyo hela ya McCartney, ni serikali yao kuliingiza kwenye orodha ya majengo ya urithi ambayo huwezi kuyabomoa wala kuyabadilisha ovyo. Kwa hiyo sheria kwanza. Halafu jueni kwamba studio zile zilifunguliwa 1931 na Gramophone, kampuni ileile iliyomrekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, kule Bombay mwaka 1928. Yaani Siti wetu wa Fumba alishakuwa na santuri zake kabla ya lile jengo kufunguliwa! Wao la kwao wamelilinda, sisi tunasubiri nini?

Ila sheria hailipi umeme, na hapo ndo tiketi inapoingia. Uingereza wameshaanza, mwaka 2024 kamati ya bunge lao ilipendekeza makato ya hiari kwenye tiketi za shoo kubwa kusaidia kumbi ndogo, na bendi ya Coldplay wakatoa asilimia 10 ya mapato ya shoo zao za huko za 2025 kwa ajili hiyohiyo. Hapa kwetu tuseme shilingi 500 tu. Watu 30,000 uwanja wa Mkapa ni milioni 15 kwa usiku mmoja, na mnunuzi haisikii kwenye tiketi yake. Wanaojaza viwanja ndo wakatwe, siyo dogo mwenye wimbo mmoja anayeimba baa wikiendi, huyo aachwe apumue.

Zanzibar ndo naumia zaidi. Vilabu vya taarab vipo, Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na hawa ni watu wanaokutana kufanya mazoezi, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, anakaa anakaza nyuzi moja moja na ziko zaidi ya 70, chumba kikiwa na unyevu kesho anaanza upya. Chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza 2002 pale Forodha ya zamani, kinachofundisha vijana udi na fidla na ngoma, mwaka 2019 kilitangaza kinakaribia kufunga kwa kukosa hela. Mwaka huohuo Shangani ikafunguliwa makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Sina neno na makumbusho, Freddie kazaliwa pale na watalii wanamtafuta, lakini hoteli na watembeza wageni wanaoingiza hela kwa jina lake nao wawekwe kwenye makato haya, siyo wasanii peke yao.

Sharti langu ni moja, hesabu zitangazwe kila mwaka, kanda ngapi zimehamishwa, paa la klabu gani limezibwa, na wimbo wa zamani ukianza kuingiza hela mtandaoni familia ya aliyeupiga ipate chake. Na kama kuna staa anasoma jarida hili asingoje kanuni zipitishwe. Shoo za Desemba zinakuja, aandike hiyo 500 kwenye tiketi yake mwenyewe, aseme inaenda kwenye rili, wenzake wamwone.