Usimfanye Mtoto Wako Msemaji Wako

Watangazaji wa redio, wachekeshaji wa TikTok, na hata mheshimiwa mmoja wa wadi, wamewahi kunivuta kando wakaniuliza: mtoto wangu ataishi vipi na hili jina langu linalojulikana? Wananiuliza mimi kwa kuwa mzee wangu alikuwa mwimbaji wa benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, na nimelelewa Kondele, Kisumu, nikijulikana na watu nisiowajua. Huwa nawajibu vilevile. Mtoto asifanywe msemaji wa mzazi, wala karani wake, wala mpeleka salamu.

Asiyekulia huku aelewe kwanza shoo ya benga inavyokwenda. Katikati ya wimbo vyombo vinashushwa, shabiki anasogea mbele na noti mkononi, anajisifu, anamsifu mkwewe na marafiki walioko mezani, kisha gitaa linapanda tena. Hiyo ndiyo pakruok. Wengine hulipa ili majina yao yaingie kwenye rekodi yenyewe. Sasa fikiria mtu ametoa hela zake, kanda imetoka, na jina lake halimo. Atamtafuta nani? Mwimbaji yuko Migori au Nairobi. Mtoto wake ndiye anayepita na kikapu.

Nilikuwa nikitumwa omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Jubilee. Muuzaji mmoja alinipimia gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, akaongeza viganja viwili juu, akafunga mfuko, halafu akasema, "Nyathina, mwanangu, mwambie babako kaka yangu bado anangoja jina lake." Alisema hivyo huku mfuko kaushikilia bado. Nilipomweleza mama, alinirudisha sokoni na pesa ya ile nyongeza, akanifundisha na la kusema: "Samahani mama, namba yake iko kwenye bango. Mpigie mwenyewe."

Sentensi hiyo imenifaa kuliko ushauri mwingine wowote niliopewa. Niliitumia kwa wadai, kwa mapromota, kwa vijana waliotaka kujiunga na bendi, na kwa kina dada waliokuwa na salamu zao. Wapo walioniona nina kiburi. Waache waone. Mfundishe mtoto wako ya kwake mapema, fupi na ya heshima, na uhakikishe namba unayoitoa inapokelewa, maana usipopokea watarudi kwake. Nauli naye alipe. Makanga akimbeba bure leo, kesho atataka kuingia shoo bila tiketi, na anayetarajiwa kumwombea mlangoni ni mtoto.

Pesa ndizo huwachanganya watu zaidi. Jina kubwa halina maana ya mfuko mzito, hasa kwa wanamuziki. Niliwahi kufukuzwa shule kwa sababu ya karo, na matatu iliyonirudisha nyumbani ilikuwa ikipiga wimbo wa mzee, abiria wanaitikia. Kilichoniokoa nisijione mwongo au maskini wa kuchekwa ni kwamba nilijua hali yetu. Mzee alikuwa ametuketisha akatuambia mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zake zikipigwa, huja kidogo kidogo na msimu wa shoo umelala. Waambie watoto ukweli wa nyumba, kwa kiwango cha umri wao. Asiyeambiwa ataanza kuigiza utajiri mbele ya wenzake, na uigizaji huo una gharama.

Halafu kuna kashfa. Hapa ndipo wazazi wengi huniambia, "Aah, hawa bado ni wadogo, hawaelewi." Wanaelewa. Nilikuwa bwenini redio ilipoanza kuzungumzia mambo ya mzee na mwanamke mwingine. Jioni hiyohiyo mama alipiga simu kwa naibu wa mwalimu mkuu, akaomba nipewe. Alisema maneno machache: "Utasikia mengi. Mengine ni ya kweli, nitakueleza ukija nyumbani. Usibishane na mtu, na usimtetee babako." Kesho yake mwalimu wa zamu aliniuliza mbele ya darasa kama ni kweli. Nikasema namba iko kwenye bango. Darasa likaangua kicheko, naye akafungua kitabu. Kama nisingekuwa nimepigiwa ile simu, sijui ningejificha wapi. Kwa hiyo habari ikikunukia tu, mfikie mtoto kabla haijamfikia. Wala usimwombe aseme si kweli kama ni kweli.

Watoto wa sasa wana mzigo ambao sisi hatukuwa nao. Mzee alinitaja kwenye wimbo, lakini kanda haikuonyesha sura yangu wala shule yangu. Video ya leo inaonyesha sare, nembo, lango, na saa unayomchukua. Ondoa hayo yote. Picha za kuoga, za kulia, za kuadhibiwa, zisipande mtandaoni kabisa hata zikiwa za kuchekesha namna gani. Akikataa kupigwa picha, amekataa. Usimhonge kwa chipsi.

Sheria nayo haijalala. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla mtu mwingine hajatumia data za mtoto, na matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Septemba 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mzazi anayemrusha mtoto wake mtandaoni mwenyewe hajisikii kuguswa na habari hiyo, lakini haki ya kutoa idhini amepewa kwa ajili ya mtoto.

Na kama uso wa mtoto unaleta matangazo ya sabuni na unga, pesa hizo si zako peke yako. Kule Marekani, jimbo la Illinois limewataka wazazi tangu Julai 2024 wamwekee mtoto sehemu ya mapato ya video anazoonekana. Sisi tuna akaunti za watoto kwenye benki na sacco. Fungua moja leo.

Mtoto akitaka kufuata kazi yako, mwache ajaribu. Akitaka kwenda kwingine, vilevile. Mwigizaji Lupita Nyong'o ni binti wa mwanasiasa, baba yake akawa gavana wa Kisumu mwaka 2017, lakini Oscar ya 2014 aliishinda kwa kazi yake mwenyewe.

Jambo la mwisho ni dogo, na ni nadra kuona nyumba inayolifanya. Laini ya kazi iwe mbali na ya nyumbani. Ikilia saa ya chakula, usimtume mtoto aipokee akasema hupo.